Miguu ya Ndege Ndogo na Utunzaji Wake

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo juu ya kazi ya fundi wa ndege, kwa ajili ya watu wa Nakuru na wa Bonde la Ufa.

Katika miaka ya 1930 na 1940 ndege kubwa za kuelea zilikuwa zikitua juu ya maji ya Ziwa Naivasha, wala hazikuhitaji magurudumu. Lakini ndege ndogo itumiayo viwanja vya udongo haina maji ya kuipokea; hupokewa na miguu yake tu.

Yapasa kufahamu kwanza habari ya mahali penyewe. Mji wa Nakuru umeinuka kiasi cha mita 1,850 juu ya bahari, na huko hewa ni nyepesi. Kwa hiyo ndege itakayotua Nakuru hugusa chini kwa mwendo uliozidi ule wa Mombasa kwa karibu sehemu moja katika kumi, ijapokuwa saa ya mwendo iliyo mbele ya rubani yaonyesha hesabu ile ile. Na nguvu ambayo breki hazina budi kuizima huzidi kwa karibu sehemu moja katika tano.

Miguu mingine ni chuma kipindikacho kama upinde. Mingine ni nguzo yenye silinda mbili, moja ndani ya nyingine, na ndani yake mna mafuta na hewa. Ndege igusapo chini, mafuta hupenya katika tundu dogo na hewa hushindiliwa; ndivyo kishindo kinavyolainishwa.

Vumbi ni adui wa nguzo hii. Likigandamana juu ya chuma king'aacho, hukwaruza mpira uzuiao mafuta yasivuje. Basi fundi hukifuta chuma hicho kwa kitambaa safi kilicholowa mafuta ya aina ile ile ya nguzo. Akiona nguzo imeshuka chini ya kipimo, haifai aongeze hewa tu. Hutafuta kwanza kama mafuta yamepungua. Nguzo yenye hewa pasipo mafuta ya kutosha husimama vizuri uwanjani, lakini wakati wa kutua huweza kugonga chuma kwa chuma. Tena kabla ya kuifungua hapana budi hewa yote itolewe, maana vyuma vyaweza kuruka kwa nguvu na kumwua mtu.

Mpira wa gurudumu ukilika upande mmoja, huenda gurudumu halielekei sawasawa. Kwa miguu ya upinde, fundi huisimamisha ndege juu ya mabamba yaliyopakwa gresi, hupima kwa rula ndefu, kisha hutia vipande vyembamba vya chuma kati ya ekseli na mguu, na kupima tena.

Kazi ikiisha, fundi mwenye cheti huiandika katika kitabu cha ndege na kutia sahihi. Sahihi hiyo ni ahadi kwa watu asiowajua. Shirika la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957, lilianza kwa kuwapeleka madaktari kwa ndege ndogo kwenye wagonjwa wa mbali. Daktari hakagui nguzo wala breki. Huingia ndani na kuketi, akiutegemea mkono wa fundi. Kwa hiyo mahali pa sahihi pakiwa patupu, ndege hairuki, hata kama mgonjwa anangoja.