Kumchagulia Mraibu Tiba ya Kwenda na Kurudi

(Mada iliyotolewa mbele ya wazazi na walezi wa wanafunzi wa madrasa)



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.). Rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake. Ama baad.

Wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu, mada niliyokabidhiwa ni tiba ya waraibu wa unga, yaani heroini. Sikukusudia kurejea hukumu ya ulevi, kwani hukumu hiyo haina mjadala baina yetu, na hata kijana aliyetekwa na unga anaijua. Nimekusudia kulijibu swali ambalo mzazi hubaki nalo peke yake usiku: "Mwanangu amekubali kutibiwa. Nimpeleke wapi?" Jibu la swali hilo laweza kuwa ndiyo tofauti baina ya uhai na mauti, na wengi wetu hulijibu kwa pupa.

Kosa la kutafuta tiba ya haraka

Unga umekuwamo katika miji yetu ya pwani tangu miaka ya 1980. Katika muda wote huo familia zimejenga ada zao za kumtibu mtoto. Wapo wanaomfungia chumbani mpaka arosto imwishe. Wapo wanaompeleka shamba kwa babu yake akakae mbali na maskani. Wapo wanaotoa fedha nyingi kwa mganga aliyeahidi kumtoa unga kwa siku saba. Njia hizi zote zina dhana moja ndani yake, nayo ni kwamba ugonjwa ni arosto, na arosto ikiisha mtu amepona.

Dhana hiyo si sahihi. Arosto huanza saa chache baada ya mtu kukosa unga, hufikia ukali wake siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua kwa muda wa wiki moja hivi. Ama ile hamu ya kurudi, hiyo hukaa miezi, na kwa wengine miaka. Kwa hiyo yule mganga wa siku saba hakusema uongo kuhusu siku saba. Alisema uongo kuhusu kupona.

Tena lipo jambo zito zaidi, na naomba kila mzazi aliyepo hapa alihifadhi. Mwili wa mraibu umezoea kipimo kikubwa. Akikaa wiki kadhaa bila unga, ama kwa kufungiwa, ama kwa kuwa gerezani, mazoea yale hupungua. Siku atakapotoka na kurudia kipimo chake cha zamani, pumzi zake zaweza kusimama. Vijana kadha wa kadha wamefariki kwa sababu hii siku chache tu baada ya familia kumshukuru Mola kwamba mtoto amepona. Kumwacha mtu bila unga pasi na kumpangia tiba ya siku zinazofuata ni kumwongezea hatari.

Tiba iliyopo

Tiba ni za namna mbili. Ipo ya kulazwa au kukaa ndani kwa miezi, kama zile nyumba za upataji nafuu ambazo vijana huziita soba hausi. Na ipo tiba ya mgonjwa wa nje, ambaye huenda kliniki, akapata dawa na nasaha, kisha akarudi kwao. Hii ya pili ndiyo nitakayoizungumzia, kwa kuwa ndiyo isiyofahamika vyema misikitini mwetu.

Nguzo ya tiba hiyo kwa waraibu wa heroini ni dawa iitwayo methadoni. Hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Hukaa mwilini muda mrefu, na hivyo huzuia arosto na kupunguza hamu bila kumpa mtu ule mlevyo wa ghafla anaoupata kwa unga, mradi kipimo kimepangwa vizuri. Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011, kisha zikafuata Mwananyamala na Temeke, na Zanzibar ikafungua kliniki yake Kidongo Chekundu mwaka 2015. Baadaye Mbeya, Mwanza, Dodoma na miji mingine nayo ikapata huduma hiyo. Kwa jirani zetu wa Kenya ilianza Nairobi mwishoni mwa mwaka 2014, ikafika Malindi mwaka 2015. Katika kliniki za serikali hapa Tanzania mgonjwa halipii dawa hiyo.

Maswali sita kabla ya kuchagua

La kwanza: Je, mwanetu anatumia nini hasa? Methadoni ni kwa aliyetekwa na heroini na jamii yake tu. Haimtibu mvuta bhangi, wala mla mirungi, wala mlevi wa pombe. Na huyu mlevi wa pombe wa miaka mingi asiachishwe ghafla nyumbani, kwani aweza kupata kifafa na kufariki. Huyo aanzie hospitali. Basi muulizeni kijana kwa upole, na msimtishe, maana akificha kitu kimoja tiba yote itakwenda upande.

La pili: Nani anatibu? Pawepo daktari au mtabibu anayempima mgonjwa kabla ya kumpa dawa, muuguzi, na mshauri nasaha. Mahali ambapo mtu mmoja ndiye kila kitu, hapaandikwi kumbukumbu za mgonjwa, na mnaombwa fedha yote mbele kwa ahadi ya kupona, pakimbieni, hata kama mwenye mahali hapo ana ndevu na tasbihi.

La tatu: Je, ataweza kufika kila siku? Katika miezi ya mwanzo hakuna mapumziko, hata Ijumaa, hata siku ya Idi. Kliniki yenye sifa nyingi iliyo mbali na nyumbani yaweza kushindwa na ile ya kawaida iliyo karibu. Pigeni hesabu ya nauli ya mwezi mzima kabla ya kuanza, si baada. Atakayekosa siku tatu au zaidi mfululizo asidai dozi yake ya zamani, kwani mwili umeshaanza kuisahau. Ni lazima apimwe upya.

La nne: Zaidi ya dawa, wanatoa nini? Kliniki nzuri humpima mgonjwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kifua kikuu, kwa sababu waliojidunga kwa sindano za kushirikiana wako katika hatari ya maradhi hayo. Humpa nasaha yeye, na huita familia yake. Kama binti ni mjamzito, waulizeni wanamhudumiaje. Wataalamu hawashauri mjamzito aachishwe ghafla, kwani mimba yaweza kuharibika. Humpa methadoni, akajifungulia hospitali, na mtoto akaangaliwa.

La tano: Akiteleza wanamfanyaje? Wengi huteleza, hasa mwanzoni. Kliniki inayomfukuza mgonjwa kwa kosa la kwanza imemrudisha maskani. Kliniki isiyojali kabisa nayo haina faida. Mnayoitafuta ni ile inayopima, inayouliza sababu, na inayorekebisha tiba.

La sita: Muda gani? Wataalamu hushauri isipungue mwaka mmoja, na wapo wanaohitaji miaka mingi. Atakayewaambieni wiki mbili, muulizeni wiki ya tatu atakuwa wapi.

Shaka kwamba ni kubadili ulevi kwa ulevi

Hapa ndipo wacha Mungu wengi wanaposita. Husema: "Mtume (S.A.W.) ameeleza kwamba pombe ni ugonjwa wala si dawa. Vipi tumtibu mlevi kwa dawa ya jamii ile ile?" Swali hili ni la heshima na lina haki ya kujibiwa kwa elimu.

Wanazuoni wetu walikwisha kulikuta. Ibn Hajar al-Haytami, faqihi mkubwa wa madhehebu ya Shafii aliyefariki Makka mwaka 974 Hijria, aliulizwa juu ya mtu aliyetekwa na afyuni kiasi kwamba akiiacha ataangamia. Afyuni, ndugu zangu, ndiyo mama wa heroini. Muhtasari wa jibu lake ni kwamba, ikiyakinika hivyo, ni halali kwake, bali ni wajibu, kutumia kile kinachomwokoa, mfano wa mwenye dharura na nyamafu. Kisha akamlazimisha kupunguza kidogo kidogo mpaka mwili usahau, na akamhesabu mwenye kuacha kupunguza kuwa ametenda dhambi. Ibn Abidin, faqihi wa Kihanafi wa Damascus, akaipokea fatwa hiyo katika kitabu chake mashuhuri.

Zingatieni mambo mawili. Kwanza, fatwa hiyo ilitolewa juu ya afyuni yenyewe. Methadoni ni dawa iliyopimwa, inayotolewa na tabibu, na mwenye kuinywa kwa kipimo chake huenda kazini, huswali na akili zake timamu, na hulea watoto wake. Pili, mwanazuoni huyo aliweka wajibu wa kupunguza lakini hakutaja siku wala miezi. Kasi ya kupunguza huulizwa wajuzi wa fani, nao ni matabibu. Mzazi anayemshurutisha mwanawe aache dawa baada ya miezi mitatu ili "awe safi" hajaitekeleza fatwa hiyo. Amemrudisha katika hatari niliyoitaja mwanzo.

Ama Ramadhani, kunywa methadoni hufunguza saumu kama kunywa kitu kingine. Mgonjwa asijibadilishie saa wala asiruke dozi kwa rai yake. Aende kliniki wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, aulize kama hali yake inaruhusu kupangiwa saa nyingine. Ikiwa haiwezekani, yeye ni mgonjwa, na mgonjwa ana ruhusa yake katika dini.

Sehemu ya familia

Tiba ya kulazwa ina kuta zake. Tiba ya kwenda na kurudi, kuta zake ni nyinyi. Kliniki humwona kijana kwa dakika chache. Saa zote zilizobaki yuko katika mikono yenu au katika mikono ya maskani.

Basi kwanza, apatikane mtu mmoja katika familia, si kumi, wa kufuatana naye na kuzungumza na wahudumu. Pili, mpeni kazi ya kufanya baada ya kliniki, hata iwe ndogo, maana asubuhi yake imejaa na mchana wake ni mtupu. Tatu, jueni kwamba methadoni ikichanganywa na pombe, na unga, au na vidonge vya usingizi, yaweza kuua. Nne, ikitokea siku ameruhusiwa kuja na dozi nyumbani, ifungiwe kwa ufunguo, kwani kipimo cha mtu mzima aliyezoea chaweza kumuua mtoto mdogo kwa funda moja. Tano, mkimkuta amelala hamsikii, anapumua kwa tabu na midomo imebadilika rangi, msimmwagie maji wala msimpe maziwa. Mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo, na mwambieni daktari ukweli.

Kuna jambo nawaomba hasa kwa ajili ya mabinti. Kijana wa kiume akienda kliniki watu husema anajitibu. Binti akienda, husema mengine. Kwa sababu hiyo wengi wao hubaki vichochoroni mpaka maradhi yawamalize. Mwenye kumkashifu binti aliyeko njiani kwenda kutibiwa naye ni miongoni mwa waliomzuia kupona.

Na sisi walimu na maimamu tuna letu. Kijana aliyekunywa dozi yake asubuhi akaingia msikitini adhuhuri asipishwe kama mwenye ukoma. Apewe nafasi katika safu. Kama tutampa mgongo, wako watakaompokea kwa mikono miwili, nao wanakaa kona ile ile siku zote.

Wazazi wangu, mtakaporudi majumbani msiulize ni tiba gani yenye nguvu kuliko zote. Ulizeni ni ipi ambayo mwanenu ataweza kuirudia kesho, na kesho kutwa, na mwaka mmoja kutoka leo, na nyinyi mkaweza kuwa pamoja naye. Hiyo ndiyo ya kuchagua.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awape subira wazazi wao, na awalinde watoto wetu ambao bado hawajafikwa. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.