Vitabu Chini ya Kitanda

(Mada iliyotolewa kwenye darsa la vijana baada ya sala ya Alasiri. Tumeiandika karibu kama ilivyosemwa.)

  

Mwenyekiti aliponipigia simu alitaka nizungumzie umuhimu wa kusoma. Nikamwambia, ndugu yangu, hilo huzungumzwa kila Ramadhan, na wanaokuja kulisikiliza ni wale wale ambao tayari wanasoma. Niachie basi nizungumze na hao hao, tena kuhusu maradhi yao. Akacheka, akakubali. Kwa hivyo leo tunamzungumzia mtu anayependa vitabu mpaka vimemshinda nyumba.

Mnamjua. Pengine ameketi hapo ubavuni mwako. Akienda Nairobi kwa shughuli ya siku moja, hurudi na mkoba umevimba, maana alipita pale wanapotandaza vitabu vya mitumba kando ya barabara, pale ambapo lazima uiname ndipo uchague. Siku ya Ijumaa kukiwa na meza ya vitabu nje ya msikiti, hawezi kupita hivi hivi. Kabati limejaa, juu ya kabati kumejaa, sasa ni zamu ya chini ya kitanda. Mkewe akimuuliza, "Hivi vyote umevisoma?" jibu lake ni moja: "Nitavisoma, inshaallah." Na inshaallah hiyo, jamani, tunaijua ni ya aina gani.

Wajapani wana neno lake kabisa, tsundoku, na limetumika tangu zama zao za Meiji, yaani baina ya 1868 na 1912. Kwa hivyo si jambo la Mombasa wala la Waislamu peke yao. Lakini kwetu lina historia ndefu. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 wa Hijra, inapokewa kwamba alikuwa akikodi maduka ya wauza vitabu usiku, alale humo, asome mpaka alfajiri. Watu husimulia pia kwamba alikufa kwa kuangukiwa na vitabu vyake, ingawa hilo linaonekana kama utani wa watu wa vitabu. Na yule waziri As-Sahib ibn Abbad, inasemwa aliitwa akatumikie mfalme mwingine mbali na kwao, akatoa udhuru kwamba vitabu vyake peke yake vingehitaji ngamia 400. Ngamia mia nne! Mwenzetu wa chini ya kitanda bado ana nafasi.

Sasa, kuna watu wakimwona mtu wa namna hii humrushia ule mfano wa punda aliyebeba vitabu, ulioko katika Surat Al-Jumu'a. Mimi nasema tusiharakishe. Mfano ule umepigwa kwa watu waliobebeshwa kitabu cha Mola wao kisha wasikifanyie kazi. Ni habari ya amali. Mtu aliyenunua kitabu cha tarehe akakawia kukisoma, huyo ni jambo jingine. Tena kuna vitabu ambavyo havikutungwa visomwe vyote mfululizo. Nani amesoma kamusi kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho? Fat'hul Bari ya Ibn Hajar, katika chapa yake mashuhuri, ni majuzuu 13. Aliye nayo huirejea anapopata mas'ala. Kukaa kwake kabatini ndiyo kazi yake.

Basi ni lini rundo linakuwa tatizo? Hapa nataka tumsikilize Imam Al-Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, sawa na 1111. Na huyu anazungumza kwa uzoefu. Inapokewa kwamba akiwa kijana alikwenda Jurjan kusoma, akaandika maelezo mengi kutoka kwa mwalimu wake. Njiani akirudi Tus, msafara ukavamiwa na majambazi, wakachukua kila kitu. Ghazali akawafuata nyuma. Akamwambia mkubwa wao, chukueni vyote, nirudishieni zile karatasi tu, nyinyi hazitawafaa kitu, na mimi ndiyo elimu niliyoihama kwetu kuitafuta. Yule jambazi akacheka. Akamwambia, vipi wewe wadai una elimu, na sisi tumekunyang'anya mkoba umebaki huna elimu? Akamrudishia. Ghazali alipofika kwao alikaa miaka mitatu akizihifadhi kichwani, ili siku nyingine akiibiwa asiibiwe elimu. Mwanachuoni amepata somo kwa mwizi wa njiani, na hakuona aibu kulisimulia.

Mtu huyo huyo, alipoandika Ihyaa, katika kitabu cha zaka, aliuliza suali ambalo sijaona darsa linalouliza. Mtu ni masikini, hana kitu, lakini ana vitabu. Je, anahesabika fakiri wa kupewa zaka? Na zakatul fitri, inamlazimu au haimlazimu? Kwa sababu mkisema ana mali, mtamwambia auze vitabu. Mkisema hana mali, na kabati lile ni nini?

Jibu lake lina mafunzo kuliko hotuba nyingi. Alisema vitabu tunavihitaji kwa mambo matatu: kufundishia, kufaidika nafsi yako, na kujiburudisha. Cha kujiburudisha, kama diwani za mashairi na visa, hicho hakiingii katika haja. Kinahesabika mali ya ziada, na mwenye nacho hawezi kujiita masikini wakati wa fitri. Cha kufundishia kwa mtu ambaye ndiyo kazi yake, hicho ni kama cherehani kwa fundi, hakiuzwi. (Cherehani ni mfano wangu, zama zake hazikuwako.) Cha kufaidika, hapo ndipo alipoingia ndani kweli kweli. Kitabu cha tiba: kama mjini kuna tabibu, huna haja nacho. Kama hakuna, ni haja. Ukiwa na nakala mbili za kitabu kimoja, moja ni sahihi zaidi na nyingine ni nzuri zaidi kwa sura, baki na iliyo sahihi, uza ile nzuri. Hapa najua kuna watu wameinamisha vichwa, wenye majalada ya dhahabu. Na ukiwa na vitabu viwili vya fani moja, kimoja kirefu na kimoja kifupi, ikiwa wasoma kwa faida yako tu, kirefu chatosha.

Halafu akaweka kipimo cha muda. Chakula hupimwa kwa siku. Lakini nguo na vyombo vya nyumba hupimwa kwa mwaka, kwani huwezi kumwambia mtu auze nguo za jua wakati wa baridi. Na vitabu, akasema, vinafanana zaidi na nguo na vyombo. Kwa hivyo kisichohitajiwa mwaka mzima, umejitosheleza nacho. Mwaka mmoja, ndugu zangu! Ramadhan hadi Ramadhan. Alikuwa akieleza fiqhi ya zaka, si kutoa amri kwa kila mwenye kabati, na hilo nalisema wazi asije mtu akatoka hapa akanisingizia fatwa. Zaka ya mali haiko juu ya vitabu unavyoviweka nyumbani usome. Iko juu ya bidhaa ya muuza vitabu. Lakini kama kipimo cha kujihesabu wenyewe, mimi sijaona kizuri kuliko hicho.

Tuhesabu kidogo. Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604. Ukisoma kurasa nne baada ya kila sala ya faradhi, ni 20 kwa siku, na kwa siku 30 karibu umekhitimu. Wengi wenu mwezi huu mnafanya hivyo, alhamdulillah, na hakuna anayelalamika kwamba hana wakati. Sasa chukua nusu yake tu baada ya Idi, kurasa 10 kwa siku katika vitabu vingine. Kwa mwaka ni kurasa 3,650. Kitabu cha kurasa 250, utamaliza 14 na ushei. Kijana wa miaka 25, Mola akimpa umri mpaka 65, ni vitabu kama 560. Basi. Hiyo ndiyo sehemu yako ya duniani, kwa bidii nzuri. Na anayenunua vitatu kila mwezi ananunua 36 kwa mwaka, kwa hivyo 22 vinabaki. Kwa miaka kumi ni 220 ambavyo, kwa hesabu tu bila ya kumlaumu mtu, havitafunguliwa na yeye.

Wa simu nao wasicheke. Huko ndiko mambo yalikoharibika zaidi, maana hakuna mke wa kuuliza. Mtu ameweka Maktaba Shamela, ambayo ina vitabu kwa maelfu, na kila siku kwenye kundi la WhatsApp anapokea pdf nyingine, anasema jazakallahu khayran, anahifadhi. Wallahi hata jina la mtungaji hajalisoma. Lakini pdf angalau haimnyimi mtu mwingine. Kitabu cha karatasi kikiwa chini ya kitanda chako, hakiko mkononi mwa mtu yeyote.

Na hapa ndipo nilipokuwa nikielekea. Ami yangu mmoja, Allah amrehemu, alikuwa msomaji mkubwa. Alipofariki aliacha makatoni kumi na moja. Watoto wake, wawili Nairobi na mmoja Jeddah, walikuja matangani, wakagawa nyumba, wakagawa shamba, yote kisheria. Makatoni hayakutajwa. Mama akawa akiuliza kila anayeingia: "Baba, hebu nitazamie, ni vipi humu vya maana?" Hakuna aliyeweza kumjibu. Aliyejua ni mmoja, naye tumemzika. Masika yakaja, mchwa wakaanza katoni za chini. Zilizobaki alipewa mwenye duka, kwa kilo, za kufungia njugu. Mimi mwenyewe nimenunua njugu za shilingi kumi nikakuta mwandiko wa ami yangu pambizoni mwa karatasi, kwa kalamu ya risasi, amesahihisha makosa ya mpiga chapa. Simlaumu yule mama hata kidogo. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Kisheria mambo ni wazi. Ukifa, vitabu vyako ni mirathi kama kiti na jiko. Ukiandika wasia, una mamlaka juu ya thuluthi moja tu, na kwa asiyekuwa mrithi. Lakini ukiwa hai na afya yako, unaweza kuweka wakfu unachotaka. Na kitabu kinafaa sana kwa wakfu, kwa sababu kinatumika na mwili wake unabaki. Wazee wetu walilijua hili. Nendeni Lamu, msikiti wa Riyadha wa Habib Swaleh. Humo mna vitabu vya mkono vilivyoandikwa mwanzoni kwamba ni wakfu, visiuzwe wala visirithiwe, viwe vya wanafunzi. Vimepigwa picha katika mradi wa British Library wa kuhifadhi hati zilizo hatarini, na leo mtu aliye ng'ambo anaweza kuvisoma. Waliovitoa wamefariki zamani, na kurasa bado zinafunguliwa.

Na hapa mtaani kwetu? Madrasa yetu ya jioni ina watoto wengi, na kitabu cha fiqhi wanasoma watano watano, mmoja ameshika, wanne wanachungulia shingoni kwake. Wasichana waliomaliza kidato cha nne hawana hata mahali pa kukaa wasome. Halafu sisi tuna vitabu vinavyolalia vumbi. Tumezungumza na imamu, ametukubalia kile chumba cha nyuma kilichokuwa cha majeneza, kwa kuwa jeneza limejengewa banda lake. Fundi mmoja miongoni mwetu atatengeneza rafu bure.

Kwa hivyo ombi langu ni hili. Kabla ya kumi la mwisho halijaingia, kila mtu atazame chini ya kitanda chake. Achague yale ambayo tangu Ramadhan iliyopita hakuyagusa wala hatarajii kuyagusa, na nakala ya pili ya kila kitu. Aandike ndani kwa mkono wake: wakfu kwa wanafunzi wa mtaa huu, na tarehe. Lile neno wakfu ni muhimu, bila yake kesho mtoto wako atakuja kukidai, na atakuwa na haki. Vile unavyobaki navyo, andika karatasi moja, uibandike ndani ya mlango wa kabati: hivi vya maana, hivi vya fulani nilimuazima, hivi vitolewe. Hata mama asiyejua kusoma Kiarabu ataweza kumpa mtu karatasi ile.

Tutapokea Jumamosi na Jumapili, baada ya Alasiri hadi karibu na adhana ya Magharibi. Dada zetu wana mlango wao na daftari lao. Riwaya na vitabu vya shule pia vinapokewa, msidhani tunataka vya dini tu. Vilivyoingia mchwa tafadhali msilete, vitaambukiza vingine. Na atakayeleta kitabu kisha akaona kingine hapo rafuni akakitamani, asome pale pale, asiondoke nacho nyumbani. Tunawajua.

Wabillahi tawfiq. Kama kuna maswali tuna dakika kumi, kisha tukatengeneze futari.