Watu Wenye Ulemavu Wasiachwe Mlangoni



Mji wa Tabora ni mji wa mikutano. Kabla ya reli kufika mwaka 1912, misafara iliyokuwa ikienda na kurudi baina ya Bagamoyo na Ujiji ilitua hapa. Mizigo ikapangwa upya na wapagazi wapya wakaandikwa. Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana katika mji huu huu, wakafikia shauri lililokuja kuitwa Uamuzi wa Busara. Historia hiyo yafundisha kwamba mambo makubwa huamuliwa pale watu walipokusanyika. Basi mtu asiyeweza kufika mkutanoni, au aliyefika asiweze kufuata yanayosemwa, hakukosa mazungumzo tu. Amenyimwa haki ya kutoa neno lake katika mambo ya mji wake.

Tabora haina udhuru wa kusema kwamba haiwajui watu hao. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilianzishwa hapa na Kanisa Katoliki mwaka 1963, na Shule ya Msingi Furaha imesomesha watoto wasioona kwa miaka mingi. Watoto hao hukua. Huwa wazazi, hualikwa harusini, huitwa kwenye mkutano wa kijiji na kikao cha wazazi shuleni. Je, wakifika hukuta nini?

Mara nyingi hukuta ukarimu usio na maandalizi. Kiziwi hupewa kiti cha mbele, lakini mkalimani wa lugha ya alama hayupo. Hutazama midomo ikicheza kwa saa mbili, kisha hutakiwa anyooshe mkono kuunga hoja asiyoijua. Asiyeona hugawiwa karatasi ya ajenda kama wengine. Mwenye kiti cha magurudumu hubebwa ngazini kama gunia mbele ya wakwe zake, na wambebao hudhani wamemheshimu.

Uko pia ulemavu usioonekana kwa macho. Mtu mwenye usonji aweza kuwa na miguu imara na masikio mazima, lakini kishindo cha vipaza sauti, taa za kumulika na umati wa watu wanaotaka kumshika mkono vyaweza kumuumiza kweli kweli. Mtoto wa namna hiyo akiziba masikio au akikimbilia nje, wageni husema hana adabu, na mama yake hulaumiwa kwa malezi mabaya. Mwaliko wa pili mama huja peke yake. Wa tatu haji kabisa. Hivyo familia nzima hutoweka katika jamii bila ya mtu yeyote kuifukuza.

Dawa ya jambo hili haidai fedha nyingi. Kwanza ni kuuliza mapema, na kumwuliza mhusika mwenyewe, si jirani yake. Ratiba itangazwe kabla ya siku, maana wengi wenye usonji hutulia wakijua kinachofuata. Sauti ya muziki ipunguzwe, na pawepo chumba au kivuli cha mwembe mbali na ngoma, ambapo mtu aweza kupumzika na kurudi bila ya kuhojiwa. Kila kinachoandikwa ubaoni kisomwe kwa sauti. Mkalimani asimame penye mwanga, karibu na msemaji. Uchaguliwe ukumbi usio na ngazi, na choo chake kikaguliwe mapema.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imekwisha kutamka haki ya kuyafikia majengo na huduma za umma. Lakini sheria haipangi viti. Viti hupangwa na mwalimu mkuu, mtendaji wa kijiji na kamati ya harusi.

Katika misafara ya zamani mpagazi aliyeugua mara nyingi aliachwa njiani, kwa kuwa kilichothaminiwa ni mzigo, si mtu. Nchi huru haiwezi kurithi desturi hiyo. Kila mwenye kuitisha mkutano na ajiulize kabla ya kuufungua: nani hayupo, na ni kitu gani kilichomzuia?