Mstari Mwekundu: Tahajia ya Kiswahili katika Programu za Uandishi

Katika steshenari za Mbagala, Tandika na Mwananyamala, jijini Dar es Salaam, huchapwa maombi ya kazi, barua za shule na hati za mauziano ya viwanja. Pale ambapo programu ya uandishi imewekwa katika Kiingereza, karibu kila neno la Kiswahili hupigiwa mstari mwekundu, liwe sahihi au lenye kosa. Onyo litolewalo kwa kila neno halimwonyi mtu. Mchapaji hulizoea, kisha hulizima.

Hapo ndipo makosa ya kweli hupenya. Matamshi yanayoangusha /h/ huzaa "asara" badala ya "hasara". Mbaya zaidi ni kosa linalozaa neno jingine: "thamani" ya kiwanja ikawa "samani" ya kiwanja, au "kura" ikawa "kula".

Kiini cha tatizo ni muundo wa lugha yenyewe. Kamusi huorodhesha "andika". Mwandishi huandika "hawatatuandikia". Viambishi vya nafsi 6 na viambishi 4 vya njeo na hali, yaani -na-, -li-, -ta- na -me-, hutoa maumbo 24 ya kitenzi kimoja, kabla ya kuhesabu ngeli, yambwa, ukanushi, urejeshi na minyambuliko. Orodha ya maneno haiwezi kuyamaliza. Ndiyo maana Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1992, aliuchanganua Kiswahili kwa kompyuta kwa kutumia kanuni za mofolojia. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili. Hata hivyo, menyu ni jambo moja na tahajia ni jingine.

Tiba ya kwanza ni kuteua matini yote na kuitambulisha kuwa ya Kiswahili. Hilo pekee halitoshi, kwa kuwa kikagua tahajia cha Kiswahili nacho sharti kiwe kimesakinishwa. Kisipokuwapo, mistari yaweza kutoweka bila neno hata moja kukaguliwa, na ukimya huo ukadhaniwa kuwa usahihi. Jaribio ni jepesi: andika "asara" makusudi. Mashine isipoonya, hakuna ukaguzi unaofanyika. Majina ya watu na mitaa yaingizwe katika kamusi binafsi ya mtumiaji.

Lakini "samani" na "kula" ni maneno halali. Kikagua tahajia hakitayakamata, kwa maana hupima umbo la neno peke yake, si neno ndani ya sentensi. Hapo wanaisimu wanadaiwa orodha ya jozi za maneno yanayochanganywa, ili kanuni za muktadha zijengwe juu yake. Hadi deni hilo lilipwe, hati ya kiwanja isomwe na jicho la pili kabla ya muuzaji na mnunuzi kutia saini.