Lori, Kibanda na Kiwanja: Maamuzi Madogo ya Mali na Matumizi katika Manispaa za Thika na Ruiru



Pakitajwa fedha za mji, wengi wetu hukumbuka kesi kubwa. Januari 2020 Seneti ilimwondoa mamlakani gavana wa Kiambu, na Februari 2025 mahakama ikamtia hatiani kuhusu zabuni ya shilingi milioni 588 ya barabara zilizokusudiwa Thika, Ruiru, Juja, Limuru na Gatundu Kaskazini. Hayo yana mawakili wake na magazeti yake. Mimi nimekuja na yale yasiyofika gazetini: lori la taka lililoharibika gia, kibanda kilichobaki wazi soko la Madaraka, taa iliyozimika Githurai, kodi ya nyumba iliyojengwa na kaunsili ya zamani. Yajumlishe ya miaka kumi uone kama hayajaushinda ule mradi mkubwa uliokatiwa utepe.

Ninachosema ni kwamba maamuzi haya madogo hayana tena mahali pa kusomwa mbele ya watu. Hadi Machi 2013, Thika ilikuwa na madiwani wake na Ruiru wake, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265. Kamati ya fedha ilikaa, ikapitisha malipo, na kumbukumbu zikapelekwa kwenye kikao cha baraza zima. Sidai kwamba walikuwa malaika. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi viwanja vya umma nchini, vikiwemo vya mabaraza, vilivyogawanywa kama njugu. Lakini diwani aliyeinua mkono kukitoa kiwanja alijulikana kwa jina, na mama mboga alijua pa kumpata jioni.

Kwa ugatuzi, hazina na kura zilihamia Kiambu mjini. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 ilikwisha kuagiza manispaa ziwe na bodi, lakini kwetu agizo hilo lililala miaka kadhaa. Msukumo ulikuja na mpango wa kusaidia miji uliogharamiwa na Benki ya Dunia, ambao haukuutolea pesa mji usio na hati ya manispaa na bodi. Kwa hiyo bodi zetu zilizaliwa ili pesa zipokelewe. Kuzihesabu pesa hizo mbele ya mlipa kodi ni kazi ambayo bado haina mwenyewe.

Na miji yenyewe si midogo. Katika sensa ya 2019, Ruiru ilihesabiwa watu 490,120, ikiipita Eldoret na hata jiji la Kisumu. Thika ilikuwa na watu 251,407. Mkazi wa Githurai 45 akitaka kujua ni nani aliyeidhinisha ukarabati wa choo cha stendi, hati anayoitafuta iko kwenye faili la kaunti, na faili hilo haliko Ruiru.

Tuchukue lori la taka, kwa kuwa ndani yake kuna karibu kila kitu ninachotaka kusema. Taka za Thika na za Ruiru zinaishia jalala la Kang'oki, upande wa Thika. Lori la Ruiru huipita Juja nzima kabla ya kumwaga mzigo, kisha hurudi tupu. Uamuzi wa mahali pa jalala ulikwisha kufanywa, na sasa unalipiwa kwa dizeli kila siku bila mtu kuuita uamuzi. Siku lori likiharibika, kuna njia mbili. Ya kwanza, litengenezwe. Hapo utaona tairi zikinunuliwa wiki hii, betri wiki ijayo, klachi mwezi ujao, kila ununuzi ukiwa mdogo kiasi cha kutosumbua zabuni ya wazi. Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali za Umma ya 2015 inakataza kuligawa hitaji moja vipande vipande ili kukwepa utaratibu, ila ni nani atakayejua, ikiwa vipande hivyo havikuandikwa kwenye ukurasa mmoja?

Ya pili, lori litolewe kwenye orodha. Sheria hiyo hiyo inataka kamati ya uuzaji mali, kisha inatoa njia: kulihamishia taasisi nyingine ya umma, zabuni, mnada, kubadilishana na jipya, au kuliharibu. Ni utaratibu mzuri. Kasoro yake ni kwamba lori linalosubiri kamati halikai salama. Husimama uani, likapungukiwa vioo, kisha redieta, kisha injini, na siku ya mnada likauzwa kwa bei ya chuma chakavu. Hakuna aliyeamua mji upate hasara hiyo. Kamati haikukaa tu, na kutokaa kwake hakuandikwi popote. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akija, anakuta kiunzi na karatasi pungufu.

Viwanja ni vigumu zaidi. Sehemu kubwa ya Ruiru ilikuwa mashamba ya kahawa yaliyonunuliwa na kampuni za kununua ardhi na kugawiwa wanahisa. Kwenye ramani ziliachwa sehemu za shule, soko na zahanati. Nyingine hazikupata hatimiliki kwa jina la kaunsili, na pasipo hati, kumbukumbu ya mzee mmoja ndiyo inayolinda. Mabaraza yalipovunjwa, kazi ya kuorodhesha mali zake ilipewa Mamlaka ya Mpito, na muda wake ulipokwisha 2016 ikapokewa na kamati ya kitaalamu ya uhusiano wa serikali. Orodha ya aina hiyo huandikwa ofisini. Isipobandikwa sokoni, jirani wa kiwanja hana njia ya kusema kwamba ekari mbili zilizoandikwa ni nusu ekari siku hizi.

Kodi ya ardhi nayo inategemea orodha ya namna hiyo. Miji yetu kwa kawaida hutoza thamani ya ardhi tupu, bila kuhesabu jengo. Mwenye ghorofa saba Ruiru hulipa sawa na jirani aliyepanda sukumawiki kwenye ploti ya ukubwa ule ule. Siupingi mfumo huo, maana unamkera anayeficha ardhi akingoja bei ipande. Ninachopinga ni daftari la uthamini lililozeeka, linalomhesabu mtu kana kwamba kahawa ingali shambani. Sheria ya Kitaifa ya Ukadiriaji ya 2024 inataka uthamini mpya kila miaka 5. Ikifuatwa, wengi hapa watalipa zaidi, na watakuwa na haki ya kuuliza lile lori limefikia wapi.

Haki hiyo ilithibitishwa kwa kesi ya hapa kwetu. Aprili 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji alitaka habari zifike makanisani, misikitini, kwenye mabaraza na kwenye redio za lugha za wenyeji. Rufaa ya kaunti ilitupwa mwaka 2017. Wakenya wengi wanaodai kushirikishwa leo wanaegemea hukumu hiyo, pengine bila kujua ilianzia Kiambu.

Ila tuangalie kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hutoka kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha Februari 28, makadirio Aprili 30, na bajeti hupitishwa kufikia Juni 30. Hapo ndipo tunapoitwa ukumbini, tunapewa soda, tunatia sahihi. Kuanzia Julai pesa zinapoanza kutoka, hatuitwi. Tunashirikishwa katika makadirio, matumizi yanafanyika bila sisi.

Napendekeza bodi za Thika na Ruiru zikae hadharani kila baada ya miezi mitatu, zisome malipo ya robo hiyo pamoja na yale madogo, na zibandike masokoni orodha ya mali: kiwanja, ukubwa, anayekitumia, kodi anayolipa, mkataba unaisha lini. Kwa kusoma na kubandika tu, hazihitaji sheria mpya.

Wala hatulazimiki kuzingoja. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kumjibu raia anayeomba habari. Tuanze na orodha ya vibanda vya Madaraka kwa upande wa Thika, na ya malori yote yaliyosimama uani kwa upande wa Ruiru. Barua mbili za mfano ziko kwenye meza ya usajili. Asomaye ajaze jina lake, na meneja wa manispaa aombwe kugonga muhuri wa tarehe kwenye nakala.