Mguu Unaoruka Wenyewe

Asubuhi ya leo tuutazame mgongo, si kwa habari ya kubeba mizigo, bali kwa kile kilichofichwa ndani yake.

Mama ashika sufuria ya moto pasipo kujua. Mkono umekwisha kurudi, ndipo asemapo, "Nimeungua!" Ni nani aliyeuamuru mkono? Si ubongo. Ndani ya mifupa ya uti wa mgongo Muumba ameweka ugwe laini wa mishipa ya fahamu, unene wake kama kidole cha mwisho, na urefu wake kwa mtu mzima yapata sentimita 45. Kutoka ugwe huo jozi 31 za mishipa huenea mwilini. Habari ya moto huingia kwa upande wa nyuma, na amri ya kuvuta mkono hutoka kwa mbele. Ubongo huarifiwa baadaye kidogo.

Tena mtu akikanyaga mwiba, mguu mmoja huinuka na wa pili hukazika papo hapo, asianguke. Mwingereza Charles Sherrington, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1932, aliyachunguza mambo haya miaka mingi.

Sasa nifike kwa lililonifanya nichague habari hii. Mtu akianguka kutoka mtini, au gari likipinduka, ugwe huo waweza kupondwa, na miguu ikafa kabisa. Baada ya majuma kadhaa, akiguswa unyayo, mguu waruka! Nyumbani wengine husema, "Kumbe anajifanya." Wengine hupiga vigelegele kwamba amepona, wakaacha kumhudumia. Ole wake mgonjwa kati ya hao wawili! Sehemu ya ugwe iliyo chini ya jeraha ingali yaitikia, lakini habari haipandi kwenye ubongo wala amri haishuki. Yeye mwenyewe huutazama mguu ule kama wa jirani. Msimwite mwongo.

Kuomba msiache, lakini tena mgeuzeni. Kwa kuwa hasikii maumivu, hajui ngozi yaharibika kwa kulalia upande mmoja. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, hata usiku, mkipokezana. Tazameni visigino, nyonga na makalio. Na mkiona mahali pamebadilika rangi, msimlaze tena upande huo, mkamwite muuguzi siku hiyo hiyo.