Wanachama Kwanza: Kuinua Asasi Ndogo Iliyoyumba Kifedha



1. Utangulizi

Tarehe 20 Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai 1 shirika la USAID likawa limekoma kuendesha misaada hiyo. Hapa Tanzania asasi zilizotegemea fedha hizo, zikiwamo zinazohudumia watu wanaoishi na VVU, zilibaki na mishahara na pango bila cha kulipia. Wengi tukakimbilia kuandika maombi kwa mfadhili mwingine. Hoja yangu ni kwamba asasi iliyoyumba huinuliwa kwanza na wenyewe, yaani wanachama wake, na wenyewe hawatoi mpaka waoneshwe hesabu.

2. Hesabu mezani

Hatua ya kwanza ni mkutano mkuu wa dharura. Mhasibu asome mbele ya wanachama mambo matatu: tunadaiwa nini na nani, tuna nini benki, na kila mwezi tunatumia kiasi gani. Madeni yapangwe kwa uzito. Michango ya hifadhi ya jamii (NSSF) na kodi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) isiahirishwe, kwa kuwa ikichelewa huzaa adhabu. Mwenye nyumba anaweza kukubali kulipwa kwa awamu, mradi afuatwe mapema. Fedha za mradi zisiguswe kuziba pengo la ofisi, kwa kuwa aliyezitoa atazidai.

Kiongozi anayeficha deni huwaachia wanachama uvumi, na mtu hachangii uvumi.

3. Ada, ujuzi na nguvu kazi

Asasi nyingi zina ada kwenye katiba lakini hazina kwenye daftari. Wanachama 60 wakilipa shilingi 2,000 kila mwezi, kwa mwaka inapatikana 1,440,000. Fedha hizo hazijengi hospitali, lakini zinalipia ada ya mwaka ya Msajili wa asasi na nauli za wanaojitolea, yaani zinaiweka asasi hai.

Asiye na fedha asionekane mzigo. Fundi akarabati paa, mwalimu mstaafu aandike taarifa, mwenye ukumbi autoe kwa mikutano. Kila mchango wa namna hiyo uandikwe kwa jina na thamani yake, usomwe sawa na wa fedha.

Klabu ya soka ya Union Berlin ya Ujerumani, chama cha wanachama, inatufundisha hili. Mwaka 2004 ilikaribia kukosa leseni kwa ukata. Mashabiki walikwenda kutoa damu, na malipo waliyopewa wakayakabidhi kwa klabu. Miaka minne baadaye uwanja wao ulikuwa umechakaa na fedha za kuujenga hazikutosha. Zaidi ya watu 2,000 walijitolea, wakafanya kazi kwa takribani saa 140,000 mpaka ukafunguliwa upya mwaka 2009. Mwaka 2019 klabu hiyo ilipanda Ligi Kuu ya Ujerumani.

4. Kulinda kilichochangwa

Michango ipitie akaunti au lipa namba ya asasi, kamwe isipitie simu ya mwenyekiti. Watia saini wawe watatu, na malipo yahitaji angalau wawili. Kila mwezi taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe ofisini na itumwe kwenye kundi la wanachama. Mkutano ukiunda kamati ya uokoaji, ipewe muda maalumu, ukiisha itoe hesabu na ivunjwe.

5. Mapendekezo

Kwanza, kila asasi iliyopo hapa iitishe mkutano mkuu wa hesabu ndani ya siku 30. Pili, ada ipangwe na wanachama wenyewe, kwa kiwango ambacho mwenye kipato cha chini anakimudu. Tatu, robo ya ada iwekwe akiba, isitumike ila kwa uamuzi wa mkutano. Nne, tuendelee kutafuta wafadhili, lakini tuwafuate tukiwa na daftari la michango yetu mkononi.

Ndugu washiriki, asasi hizi ni zetu. Tuanze kuzilipia sisi.